Jicho Chini ya Sura ya Mfalme

Paukwa! Mbona mnaitikia kinyonge? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika nchi ya Wayunani, palikuwa na mfalme aitwaye Filarko. Alirithi kiti cha kaka yake, Demeto. Watu waliambiwa Demeto kafa kwa homa. Homa gani hiyo, jamani? Mchana alikula akashiba, jioni akawa maiti!

Filarko akaamuru sarafu zote zenye sura ya marehemu zigongwe upya kwa sura yake. Kazi akapewa Timandra, fundi wa sarafu. Desturi ya mafundi ni kuipasha fedha moto kwanza, ilainike, ndipo nyundo ishuke. Mfalme akakataa katakata.

"Hapana moto hapa! Mkiyeyusha mtaniibia."

Timandra akagonga fedha baridi. Sura ya Filarko ikatokea, lakini shavuni pake pamebaki sikio la Demeto.

"Nani kaweka sikio hili?"

"Ni baridi, bwana mfalme. Sura ya zamani haifutiki. Niruhusu moto."

"Mwizi mkubwa! Gonga nyingine."

Akagonga ya pili. Ikabaki pua.

"Nani kaweka pua hii?"

"Ni baridi, bwana mfalme. Niruhusu moto."

"Mwizi mkubwa! Gonga nyingine. Safari hii nikimwona Demeto tena, kichwa chako halali yangu."

Mlangoni pa karakana alisimama tembo aliyekuwa akimbeba Demeto enzi za uhai wake. Akanong'ona, "Mama Timandra, mtu kafa kwa homa, huyu anaogopa nini?"

"Nyamaza, utaniponza!" Lakini moyo wake nao ulikuwa ukiuliza hilohilo. Hakutaka kufa.

Akagonga ya tatu. Jicho! Jicho wazi, kwenye paji la Filarko, linamkodolea mfalme.

Mfalme akaitupa chini. "Uongo! Macho hayo niliyafumba mwenyewe! Nilimkandamiza mto usoni mpaka akatulia!"

Askari waliomsindikiza mfalme wakatazamana.

"Sisi tuliambiwa homa," akasema Timandra polepole.

Tembo akaziba mlango kwa mwili wake. Filarko alitoka pale akiwa amefungwa kamba na askari wake mwenyewe.

Siku hiyohiyo Timandra akawasha moto, akaziyeyusha sarafu zote tatu mbele ya askari. Wakapima fedha. Haikupungua hata chembe.

Nami hadithi yangu naiacha papo hapo. Chocheeni moto wenu.