Bomba Lililokunjwa Darini

Mtu mmoja alikuwa na mama aliyempenda na kaka aliyemheshimu. Aliitwa Lusekelo, na kwao kulikuwa milimani upande wa Tukuyu, ambako mvua hunyesha miezi mingi na watu hupikia ndani. Mama yake alizeeka katika jiko la kuta za mianzi na paa la nyasi. Moshi wa jiko lile haukutengenezewa njia. Ulipanda, ukapita kwenye mahindi yaliyoning'inizwa juu ya moto, ukachujika katika nyasi, ukaenda zake. Asubuhi, ukiwa mbali kondeni, uliweza kuliona paa zima likifuka, ukajua mama ameamka. Wanawe walikula humo, siku za baridi wakalala humo, na harufu ya moshi ule iliwafuata katika nguo mpaka shuleni.

Jiko lilipoanza kuoza, Lusekelo alijenga nyumba ya matofali, yenye dari iliyozibwa vizuri, akamhamishia mama. Kaka yake Ambakisye, aliyefanya kazi Mbeya mjini, alituma kwa basi feni ya kuvuta moshi pamoja na bomba lake. Lilikuwa bomba jepesi, waya umezunguka ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukilibana linakuwa fupi, ukilivuta linakuwa refu. Kutoka juu ya jiko hadi ukuta wa nje palikuwa karibu, lakini bomba lile lingeweza kuvuka nyumba nzima.

Lusekelo hakulikata. Kwao kitu kilichotoka kwa kaka mkubwa hakikatwi. Alipokuwa mdogo alivaa suruali alizoletewa na Ambakisye, ndefu kupita miguu yake, na mama hakuzitia mkasi hata mara moja. Alikunja pindo kwa ndani, akashona kwa uzi mlegevu, na kila mtoto alipokua akafumua kidogo. Mapindo yale yalikuwa mazito, yalimpiga vifundoni alipokimbia. Lusekelo aliyakumbuka akiwa juu ya ngazi, akatabasamu peke yake. Akalibana bomba lote darini, likalala kwa mizunguko juu ya mbao, likabonyea katikati, likapinda kwenye kona, wala halikunyooka popote. Akashuka akijua ametoa heshima.

Feni ikawashwa. Moshi ukaingia bombani, na kila mkunjo ukaushika kidogo. Kwenye kona ulisukumana, pale palipobonyea ukalala. Uliofika nje ulikuwa mdogo kama pumzi ya mtoto mchanga. Mwingine wote ulirudi chini kwa mama. Lusekelo akasema feni ni dhaifu. Akanunua kubwa zaidi. Kelele zikaongezeka, moshi haukupungua.

"Feni yako hii, mwanangu, inakoroma kuliko marehemu baba yako," mama alisema, akifuta macho kwa khanga. "Ila yeye akivuta pumzi alikuwa anaitoa."

Walicheka wote wawili, na kicheko cha mama kikaishia kwenye kikohozi. Zahanati walikuwa wamemwonya aepuke moshi. Tangu ujana wake alikuwa akiimba akipika. Sasa alipika kimya, maana pumzi haikutosha kwa vyote viwili. Asubuhi moja ya mvua alibeba chungu chake akarudi kwenye jiko la mianzi, ambako nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa na paa limeinama upande mmoja. Lusekelo alimsihi. Mama hakugombana naye. Alisema tu kwamba kule moshi unajua kwenda. Lusekelo akasimama mvuani kati ya nyumba mbili. Ile ya zamani ingemwangukia mama, na mpya ingemziba kifua.

Ambakisye aliposikia, alikuja. Akapanda juu ya meza, akasukuma ubao wa dari, akaingiza kichwa. Akalifuata bomba kwa macho, mkunjo hadi mkunjo.

"Hukulikata?" akauliza.

"Ni lako, kaka. Ningelikataje?"

Ambakisye akatoa kichwa, nywele zimejaa vumbi. "Lete kisu, mdogo wangu. Mimi nilimtumia mama pumzi. Wewe umenitunzia bomba."

Kisu alikishika Lusekelo mwenyewe, akalikata. Kipande walichobakiza walikivuta mpaka mikunjo ikaisha, wakakinyoosha moja kwa moja hadi ukutani, wakakifunga kwenye mbao kisibonyee. Wakarudisha feni ndogo, ile ya kwanza. Kisha wakaenda kumwita mama.

Mama aliteleka ndizi, akatazama juu kwa mashaka. Moshi ukapanda, ukaenda. Wanawe walitoka nje mvuani kuangalia, na pale mwisho wa bomba ukuta ulikuwa ukifuka kama paa la nyasi lilivyofuka zamani. Walikuwa bado wamesimama hapo, wamelowa, waliposikia ndani sauti nyembamba ikianza wimbo waliokuwa wakilala nao utotoni, ikasita, ikavuta pumzi, ikaendelea.

Pindo la suruali lilimngoja mtoto akue. Ndani ya bomba hapakuwa na wa kukua, na chini yake palikuwa na mtu anayengoja kupumua. Nawe unayesikia, ni kitu gani umekikunja kwa heshima nyumbani mwako, na nani anakohoa chini yake?