Kiboko Aliyetaka Mashine Nzima

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwa umeshafika porini, wanyama walikuwa na mashine moja kubwa pangoni kwa Nungunungu. Ilivuma vuuu! mchana kutwa, na Nungunungu ndiye aliyekuwa fundi wake.

Ndani ya mashine ile kila mnyama alikuwa na kompyuta pepe yake. Mnauliza kompyuta pepe ni kitu gani? Msione haya. Hata Kiboko aliuliza.

"Ni kompyuta iliyomo ndani ya mashine," Nungunungu alimweleza. "Huioni wala huishiki, lakini kazi inafanya. Wote mnagawana kichakata, yaani ubongo wa mashine, na kumbukumbu, mahali inapoweka kazi iliyo mkononi."

"Ala! Haionekani, na ni yangu?"

"Ni yako, mzee."

Kiboko aliondoka kichwa kinamuuma.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali, likabaki bwawa moja tu. Baraza likaamua: Jumamosi, kila anayetaka aipe kompyuta yake kazi ya kupanga zamu za bwawani, na mpango utakaotoka kwanza ndio utakaofuatwa. Kiboko aliogopa kwelikweli, maana ngozi yake bila maji hupasuka. Tembo naye alilitaka bwawa lote aogee.

Na Chura? Chura alitaka kona moja tu, penye matete, ili watoto wake, wale viluwiluwi wenye mikia, wasikanyagwe. Lakini kila kompyuta za wakubwa zilipowaka, zilimeza nguvu zote za mashine na yake ikaganda.

Basi Chura akamwendea Kiboko, pwata! pwata! pwata!

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mbio?"

"Babu, umeshatengewa?"

"Kutengewa nini tena?"

"Fungu la mashine! Ukitengewa ni lako, hakuna wa kukunyang'anya. Mimi nimeshatengewa kijisehemu. Sijui Bi Tembo ataomba kiasi gani, na tumbo lile..."

Kiboko akaruka. "Ataomba yote!"

"Mimi sijasema, babu."

"Basi na mimi naomba yote!"

Chura akajikohoza, kicheko kisimtoke. Kisha pwata! pwata! moja kwa moja hadi kwa Tembo.

Kesho yake Kiboko alifika pangoni akihema. "Fundi, nitengee mashine nzima! Isipungue hata chembe!"

"Mzee, unaelewa maana yake? Kompyuta iliyotengewa fungu haiwaki mpaka fungu lote lipatikane."

"Naelewa!"

Hakuelewa hata kidogo. Lakini Tembo alikuwa amesimama nyuma yake akisubiri kuomba vilevile, na Kiboko aliona aibu kuuliza mbele yake.

Jumamosi ikafika. Chura aliwahi. Nungunungu akabonyeza, tii! Kompyuta ya Chura ikawaka. Akabonyeza ya Kiboko. Kwii! Giza. Ya Tembo. Kwii! Giza.

"Mbona imeninunia?" Kiboko akauliza.

"Chura ameshachukua fungu lake. Wewe uliomba nzima, na nzima haipo."

"Niwashie iliyobaki!"

"Ulisema isipungue hata chembe."

"Sasa hiyo iliyobaki anayo nani?"

"Hakuna aliye nayo. Na kisichotumiwa, mwenye kompyuta iliyowaka anakitumia."

"Yaani Chura anatumia yote?"

"Ndiyo."

"Lakini aliomba kidogo!"

"Ndiyo."

"Na mimi niliyeomba yote sina kitu?"

"Ndiyo, mzee."

Lahaula! Kiboko akakaa chini, puu! Akamtazama Nungunungu, akaitazama mashine, akautazama mguu wake mwenyewe. "Basi fungu langu lipunguzwe," akasema. "Lakini Bi Tembo apunguze kwanza."

"Nipunguze mimi? Punguza wewe!" Tembo akafoka.

"Wewe!"

"Wewe!"

Tii! tii! tii! Mpango wa Chura ukatoka.

Kiboko akafumba macho wakati ukisomwa. Alijua amekwisha. Lakini kumbe! Kiboko bwawani tangu asubuhi hadi alasiri. Tembo jioni. Kona ya matete, asiikanyage mtu.

"Na mimi nimo?" Kiboko akauliza, machozi yakimlengalenga. "Sijaelewa."

"Umo, babu. Twende."

Chubwi! Kiboko akazama mpaka puani. Raha iliyoje! Kisha akaiona kona ya matete, ina maji mazuri, imetulia.

"Mjukuu wangu, ile kona mbona haina mtu?"

"Ina watu, babu. Ni wadogo tu."

Kiboko akasogea, akakodoa macho. Viluwiluwi walikuwa wakitikisa mikia, tele, karibu kabisa na kwato zake.

"Hapo," akasema polepole, "hapo nimeelewa." Akaurudisha mguu wake nyuma.

Nami namwacha humo humo majini, na funzo ni hili: omba kinachokutosha, na wadogo nao wapate pa kupumulia.