Gamba la Sungura na Mlango wa Ngiri

Kwaru. Kwaru. Kwaruuu.

Ngiri alifumbua macho gizani, akamvuta mwanawe Tindo chini ya tumbo, akaacha hata kupumua. Ni Fisi, akajiambia, ni Fisi tu, nani mwingine hutembea saa hizi, na mimi hapa sina hata ukuta wa kuegemeza mgongo. Maana alikuwa analala chini ya kichaka cha miiba, na kichaka cha miiba kina sifa moja: humchoma mwenyeji kabla ya kumchoma mwizi.

Alikuwa na shimo lake zamani. Ndovu akapita juu yake, dari likaporomoka, na Ndovu hakugeuka hata kusema pole. Wakubwa wana shughuli nyingi. Ngiri hawachimbi, hurithi mashimo ya Mhanga, na Mhanga alikuwa keshahama na ukame kuwafuata mchwa wake. Kisha mto ukakauka. Ikabaki chemchemi moja chini ya mwamba wa Simba, na Simba, kwa jinsi anavyowahurumia raia wake, akatoa amri: asiye na mlango asinywe. Wazururaji, alisema, wanaharibu mandhari.

Kwaru. Sauti ikakoma. Ngiri akachungulia.

Hakuwa Fisi. Alikuwa Sungura, anaburuta gamba la kobe kwa kamba. Huyu ndiye aliyekuwa gumzo la nyika nzima. Alikuwa amelihama shimo lake kwa hiari, ndivyo alivyosema, akahamia ndani ya gamba la kobe aliyekufa kwa uzee, leo analala mgungani, kesho kilimani, popote moyo unapopenda. "Nyumba ni pingu," aliwaambia wanyama, na wanyama, ambao wote walikuwa na mashimo yao salama, walitokwa na machozi ya kutamani.

Basi Sungura akaliegesha gamba chini ya mgunga, akatazama kushoto, akatazama kulia, akanyata mpaka nyuma ya kichuguu. Akaondoa tawi lenye majani. Likatokea shimo, lile lile alilolihama, pana, kazi ya Mhanga, akatumbukia humo kichwa mbele. Punde akaanza kukoroma.

Alfajiri akatoka, akajigaragaza vumbini mpaka akafanana na mtu aliyekesha nje, akarudi kwenye gamba lake.

"Mama," Tindo akanong'ona, "mbona anajichafua?"

"Anajipamba, mwanangu. Nyamaza."

Asubuhi wakaenda chemchemini. Mlinzi alikuwa Fisi, maana Simba aliona kazi ya kulinda wanyonge inamfaa mwenye njaa.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba, Mama Tindo. Mlango wako uko wapi?"

"Mlango, Mzee, si unajua, dari liliporomoka, Ndovu alipita, ulikuwepo, ulicheka, naomba mtoto tu anywe, mimi basi, mtoto tu, maziwa yamenikauka, Mzee, tone moja tu..."

"Sheria haijui mtoto." Fisi akameza mate. "Na kuna habari mpya. Leo jua likizama, wote wasio na mlango watakuwa chini ya uangalizi wangu. Tutaanza na wadogo." Akamtazama Tindo kwa upendo, upendo ule ule ambao mtu huwa nao mbele ya sahani.

Hapo ikasikika kwaru, kwaru, na Fisi akaruka pembeni. "Mpisheni Msafiri! Mpisheni!"

Sungura akanywa. Akanawa uso. Akanawa na masikio, moja baada ya jingine, huku Tindo akilamba ufizi mkavu.

"Mzee Fisi," Ngiri akasema, "na yeye, mlango wake uko wapi?"

Fisi akashangaa kweli. "Huyu? Huyu ameamua."

"Ameamua nini?"

"Kukaa bila nyumba. Wewe hukuamua, yamekukuta tu. Yeye akilala nje, anatazama nyota. Wewe ukilala nje, unazurura. Hata hilo hulijui?"

"Tatizo lako ni moyo, dada," Sungura akasema, anajifuta masharubu. "Unalia kwa kupata kile ambacho wenzako tunakitafuta. Jifunze kuwa huru."

"Nitajifunza lini, kaka? Jua linazama leo."

Mchana huo kulikuwa na baraza mwambani. Simba alikuwa amewaita wote wamtukuze Sungura, maana mfalme hupenda kusifiwa hata kwa sifa za wengine. "Tazameni," akanguruma, "nchi yangu ni njema kiasi kwamba mtu analala nje kwa raha!" Wanyama wakapiga makofi. Sungura akapanda juu ya gamba lake, akasimulia baridi ya usiku, upweke, umande masikioni. Mama Nungunungu akalia waziwazi, kisha akawahi kurudi shimoni kwake kabla halijapoa.

Ngiri alikuwa nyuma kabisa, Tindo kati ya miguu yake. Niseme, akawaza, niseme nimemwona, lakini nani atamwamini mzururaji dhidi ya Msafiri, watacheka, na Fisi ataambiwa asisubiri hata jua, Mungu wangu, lile jua lenyewe lile limeinama. Basi hakushtaki. Aliuliza, kama mwanafunzi.

"Msafiri, samahani, na mimi nataka kujifunza huo uhuru. Lile shimo lako la zamani, hulikumbuki?"

"Shimo?" Sungura akacheka, baraza likacheka naye. "Mama, hata njia yake nimeisahau."

"Hata usiku? Hata baridi ikizidi?"

Sikio moja la Sungura likalegea. Lakini macho yote yalikuwa juu yake, na sifa ni tamu kuliko karanga. "Hata usiku! Liko nyuma ya kichuguu, wazi, linakula upepo. Anayependa pingu na alichukue!"

"Unasema mbele ya Simba?"

"Mbele ya Simba!"

Simba aliposikia jina lake akatingisha manyoya. "Limesemwa mbele yangu. Lililotolewa mbele yangu limetoka."

Ngiri hakungoja makofi. Alikimbia, mkia juu wima, na Tindo nyuma yake, kamkia juu wima.

Jua liligusa kilima Fisi akiwa tayari kichuguuni, analamba midomo. Akamkuta Ngiri ameshaingia kama Ngiri wote waingiavyo, kinyumenyume, mtoto ndani kabisa, na mlangoni uso wa mama na meno mawili yaliyopinda, yanang'aa.

"Hodi," akasema Fisi kwa unyonge.

"Karibu, Mzee. Mlango si huu? Umeuona? Basi tangulia chemchemini, ukawe shahidi."

Sheria ni sheria. Tindo alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma.

Usiku, kwaru, kwaru, sauti ikaja tena. Ngiri akatetemeka, kwa mazoea tu. Nje, Sungura alikuwa keshapanga. Alijua kila mtu huingia shimoni kichwa mbele, kama yeye; kwa hiyo mlangoni atakuta matako ya Ngiri, atayang'ata, atacheka kama Fisi, na mwanamke yule mwoga atatimka mpaka nchi ya jirani. Akavuta pumzi, akalia, "Huuu-wiii!" akachomeka kichwa.

Akakutana na meno. Alipojichomoa, sikio lilikuwa na ufa mpya.

"Hee, Msafiri!" Ngiri akasema kutoka gizani. "Umefikaje huku? Si ulisahau njia?"

"Dada, ulikuwa utani. Baridi imezidi. Halafu humo kuna karanga zangu."

"Karanga tumezionja, ahsante. Kwani gamba limevuja?"

"Mama Tindo, ile ilikuwa hotuba tu! Mtu hasemi kweli kwenye hotuba!"

"Basi nenda mwambani ukamweleze Simba hivyo hivyo."

Sungura akageuka kuelekea mwambani, akasita. Akisema kweli, ni mwongo mbele ya baraza zima. Na mwongo huyo, akihesabiwa, hana mlango. Mbali kule, Fisi halisi alicheka. Sungura akajikunja, na kwa mara ya kwanza umande ukamlowesha masikio kweli. Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ya kutoka gambani mpaka kichuguuni, na sasa ilikuwa imezibwa na uso wa Ngiri.

"Dada," akanong'ona, na sauti ilikuwa nyingine kabisa, "usimwambie mtu kwamba nilikuja kuomba. Hasa yule. Hasa Fisi."

Ngiri aliijua sauti ile. Ndiyo aliyolala nayo siku zote kichakani.

"Nenda ukatazame nyota, kaka," akasema. "Tindo amesikia, hilo siwezi kulizuia. Lakini mwingine, naapa, sitamwambia."