Ukoko wa Msumeno

Fundi seremala aliketi kwenye benchi lake la kazi, mikono ameikunjua mapajani kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Vidole vilikuwa vyekundu, vimepasuka kila kiungo. Kwa miezi minane alikuwa amepaka kila mafuta aliyopewa zahanati. Alishuku mbao za msonobari, akaziacha. Akashuku gundi, akaibadilisha. Akashuku vanishi, akaigawa. Haikusaidia. Mwishowe daktari akamwambia kwamba huenda ngozi yake haipatani na mbao, afikirie kazi nyingine. Kazi nyingine! Mtu aliyeshika randa tangu hajaota ndevu! Siku hiyohiyo, kwa moyo mzito, akabandika karatasi mlangoni: MASHINE YA MSUMENO INAUZWA.

Hapo ndipo mkewe alipomweleza kwamba dada yake mkubwa, mpishi wa shule ya bweni, anakuja kukaa nao likizo nzima.

"Nzima?" fundi akaguna. "Shemeji yule akianza kuzungumza, hata msumeno huona haya kunguruma."

"Vumilia, mume wangu. Ndiye dada niliye naye."

Shemeji akafika, kicheko chake kikimtangulia mlangoni. Fundi akampa mkono kwa adabu, naye hakuuachia. Aliugeuza, akautazama kiganja na mgongo.

"Shemeji, unaosha nini kwa mikono hii?"

"Mimi nioshe nini? Mimi seremala, si dobi."

"Haya. Lakini nimekaa jikoni miaka ishirini. Mikono ya namna hii naijua."

"Ameanza," fundi akajisemea moyoni.

Jumamosi ilikuwa siku ya kusafisha misumeno. Fundi alichomoa waya wa mashine ukutani, akafungua ule msumeno wa duara, mweusi tii kwa utomvu ulioganda. Msumeno ukichafuka hivyo haukati, unaunguza mbao tu. Akamimina dawa yake ya kusafishia kwenye beseni, akauzamisha, kisha akaanza kuusugua kwa kitambaa, mikono mitupu. Shemeji alikuwa anamletea chai. Alipiga chafya mbili, akaweka kikombe chini.

"Mungu wangu! Si dawa ya kuzibulia mabomba hii?"

"Ndiyo yenyewe. Dawa isiyowasha haiponyi, shemeji. Ona inavyokula utomvu!"

"Inakula utomvu, na wewe inakutafuna! Mwenzangu jikoni aliisugulia masufuria, mikono ikawa vivi hivi. Glavu ziko wapi?"

"Glavu? Seremala mzima nivae glavu za kuoshea vyombo?"

"Basi vaa ngozi, kama imebaki."

Fundi akavitazama vidole vyake. Lini alianza kutumia dawa ile? Alipiga hesabu, moyo ukamwenda mbio. Miezi minane! Kumbe muda wote huo alikuwa akiisingizia mbao, mbao iliyomlisha na kumvika, na mwizi amemnunua dukani mwenyewe. Hata hivyo, ubishi haufi siku moja.

"Sasa nisafishie nini? Sabuni ya vyombo?"

"Naam, sabuni ya vyombo."

"Huu ni utomvu wa mti, shemeji, si ukoko wa uji!"

"Ukoko ni ukoko. Kilichogandia hakigombezwi, huloweshwa."

Alimpeleka bombani kama mtoto, akamsimamia anawe kwa maji mengi. Kisha akamvisha glavu zake mwenyewe, za rangi ya waridi, na mkewe alipowaona alicheka hadi akashika ukuta. Wakachukua msumeno mwingine ambao haukuwahi kuguswa na ile dawa, wakaulaza kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Nusu saa baadaye, mswaki mkuukuu ulipopita, utomvu ulitoka wenyewe, laini kama maganda ya viazi vilivyoiva. Fundi akaukausha vizuri na kuupangusa kwa tone la mafuta usije ukashika kutu.

Akayagusa meno ya msumeno huo moja moja. Yote imara. Akayagusa ya ule wa dawa kali: mawili yalicheza, dawa imekula viungio vyake.

"Haya yangeruka mashine ikizunguka," akasema polepole, "leo tungekuwa tunazungumzia macho yangu."

Aliufunga ule wa sabuni, akapitisha ubao. Ukakatika sawia, bila moshi.

Wiki ya tatu vidole vilikuwa vimepona. Daktari alivitazama, akafurahi na kukiri kwamba mbao hazikuwa na kesi. Fundi aliibandua ile karatasi, akapitisha kiganja juu ya ubao aliotoka kuupiga randa, akazisikia nyuzi za mti kama zamani. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Likizo ilipokwisha, alimbebea shemeji mzigo mpaka kituoni.

"Shemeji, nina la kuungama. Nilipoambiwa unakuja, nilinuna."

"Najua. Dada yangu hana siri."

"Leo ningekuwa nimeuza mashine, nimekaa tu. Umenirudishia kazi yangu. Asante. Ningekuwa na neno kubwa zaidi ningekupa."

"Hilo linatosha," shemeji akajibu, akaushika mkono wa fundi, akautazama kiganja na mgongo kama siku ile ya kwanza.

Fundi aliporudi nyumbani, mkewe alimpokea kwa utani.

"Haya, mgeni wako ameondoka. Umepumua?"

"Hebu niambie," fundi akasema, akiutazama mlango wa chumba cha mgeni kilichobaki kimya, "shule zinafunga tena lini?"

Ama kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.