Kikapu cha Tope, Kibuyu cha Maji

Paukwa!

– Pakawa.

Hiyo ndiyo sauti? Mmekula ugali au mmelamba mwiko? Paukwa!

– Pakawa!

Haya, sasa naona nina watu. Mbonea, mpishe mwenzako, moto huu si wa baba yako peke yake. Namkunda, acha kuchokoa hayo makaa. Tulieni niwape hadithi.

Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, wanyama walilima kama sisi na kulalamika kama sisi. Juu mlimani palikuwa na bwawa. Kwenye bwawa palikuwa na tundu, na tundu lilizibwa kwa kipande cha mgomba. Ukichomoa mgomba, maji yanaingia mferejini. Ukirudisha mgomba, maji yanasimama. Mlinzi wa tundu hilo alikuwa Babu Chura, mzee wa macho makubwa na maneno machache.

Mfereji ulishuka mlima. Ulipita kwanza kwenye shamba la Nyati, aliyelima viazi vitamu. Ukapita kwenye shamba la Ngiri, aliyelima mahindi. Mwisho kabisa, kule chini kwenye jua kali, ulifika kwenye kijishamba cha Mama Madoa.

– Mama Madoa ndiye nani, Bibi?

Si nakuja? Mama Madoa alikuwa kanga, yule ndege mwenye madoadoa, mjane mwenye vifaranga wengi na maharage machache. Maharage hayo ndiyo yaliyokuwa chakula chao, na ndiyo yaliyokuwa mbegu yao. Yakikauka, wanalala njaa, na mvua ikirudi hawana cha kupanda.

Sasa, mlimani kwao maji yalikuwa bure. Walijivunia jambo hilo kwa kila mgeni. Nyati akiamka humwambia Chura achomoe mgomba, kisha anajilaza kivulini. Maji yanaingia shambani, yanajaa, yanafurika, yanamwagikia porini kunywesha magugu, naye anakoroma. Afunge kwa nini, na kitu chenyewe ni bure? Akishiba usingizi, Ngiri naye anazoa kilichobaki. Mama Madoa anasimama mwisho wa mfereji na vifaranga wake, anaimba:

*Mfereji, mfereji, una nini mdomoni?*
*Nina vumbi, nina jani, maji yako mlimani.*

Niambieni, maji yako wapi?

– Mlimani!

Mama Madoa akajifunga kibwebwe, akapanda kwa Nyati. Akamwamkia vizuri, akamweleza kwamba maharage yameanza kujikunja majani, akamwomba afunge mapema siku moja tu. Nyati hakuinua hata kichwa. Akamwambia maji ni ya Mungu, hayana mwenyewe, na yeye hajamkataza mtu kuchukua.

Mnamsikia? Hajamkataza mtu! Amekaa mlangoni mwa maji, halafu hajamkataza mtu. Hasira zinanipanda hata sasa.

Mama Madoa akarudi chini mikono mitupu. Wiki hiyo tuta la kwanza la maharage likakauka.

Malalamiko yakazidi, mpaka wanyama wakaitana kikao kando ya bwawa. Ngiri, ambaye naye mahindi yalianza kumtia wasiwasi, akasema dawa ni maji yawe na bei. Wakakubaliana kwamba anayetaka maji alete nafaka, na anayeleta nyingi afunguliwe kwanza. Ilionekana haki. Hata Mama Madoa alipiga makofi.

– Nyati si ana ghala kubwa?

Umeona wewe, Namkunda, na wao wazima na pembe zao hawakuona! Nyati alikuwa na ghala limejaa mtama wa miaka, alioachiwa na wazee wake. Akaleta gunia, akafunguliwa. Akaleta gunia jingine, akafunguliwa tena. Mama Madoa akaingia ndani kwake, akatazama kapu la mwisho la mbegu lililoning'inia juu ya meko. Akalitazama sana. Kisha akalishusha, akalipeleka bwawani, na machozi yanamtoka.

Chura akamfungulia. Maji yakaanza safari, Mama Madoa akayafuata kwa miguu pembeni ya mfereji, akiyasindikiza kama mtoto anayekwenda kisimani mara ya kwanza. Lakini mfereji ule hakuna aliyeutunza. Kwa Nyati kulikuwa na kingo zilizokanyagwa, maji yakachepuka. Kwa Ngiri kulikuwa na mashimo yake anayochimba kutafuta mizizi, maji yakazama. Yalipofika kwa Mama Madoa yalikuwa ulimi mmoja wa tope, vifaranga wakaunywa ukaisha.

*Mfereji, mfereji, una nini mdomoni?*

Imbeni nanyi, mbona mnanitazama?

*Nina vumbi, nina jani, maji yako mlimani!*

Na ile nafaka yote iliyolipwa, mnajua ilikwenda wapi? Haikwenda popote. Ililundikwa kando ya bwawa, ikalowa umande, wadudu wakaila. Mama Madoa kalipa mbegu yake, maji hakupata, na hakuna aliyefaidika hata chembe. Sasa amebaki na yale matuta machache yaliyokuwa bado kijani, na hana kingine duniani.

Asubuhi iliyofuata alipanda mlima tena, safari hii kwa hasira, kumdai Chura kapu lake. Kwa haraka yake akakanyaga ndani ya bwawa, mahali ambapo zamani kanga angezama na kupotea. Hakuzama. Miguu iliingia kwenye tope, na maji yakamfika magotini tu.

Mama Madoa akasahau kugomba. Akamuuliza Babu Chura bwawa hili lilikuwaje alipokuwa kijana. Chura akafikiri, akasema alikuwa akipiga mbizi asione chini. Sasa akipiga mbizi anagonga pua.

Basi kanga yule akachukua kikapu, akaanza kuchota tope na kulitupa ukingoni. Akachota, akachota, manyoya yote yakawa meusi. Pale alipochota pakabaki shimo, na shimo likajaa maji.

– Likajaa?

Likajaa, Mbonea, maji matupu, safi. Mama Madoa akakaa ukingoni akalitazama, halafu akaanza kucheka peke yake. Chura akadhani jua limempata.

Akalia ile sauti ya kanga, mnaijua, sauti ya kuamsha wafu. Wanyama wote wakaja mbio. Mama Madoa akasimama mbele yao na matope yake mwilini, akawaambia:

"Maji yawe na bei, nakubali. Lakini bei isiwe mtama. Anayetaka maji atoe tope humu bwawani. Kikapu kimoja cha tope, kibuyu kimoja cha maji."

Akawaonyesha kibuyu cha kupimia muda, chenye tundu dogo chini. Ukikijaza maji, kinadondosha pole pole mpaka kinakauka. Mtu akileta kikapu cha tope, Chura anachomoa mgomba na kutundika kibuyu. Kibuyu kikikauka, mgomba unarudi. Anayetaka zaidi, achote zaidi. Kikapu ni kilekile kwa wote. Na tope lenyewe lisitupwe, likakandike kingo za mfereji na kuziba mashimo.

Nyati alicheka mpaka akakohoa. Tope! Yeye analala kwenye tope, anaamka kwenye tope. Akasema bei hiyo ni zawadi, na akawa wa kwanza kukubali. Wengine walipoona Nyati amekubali, nao wakakubali.

Siku ya kwanza Nyati akachota vikapu tele, maji yakamwagika kwake kama zamani. Mama Madoa naye alichota, lakini mfereji ulikuwa bado haujakandikwa wote, maji yake yakaishia njiani. Siku ya pili mgongo ukaanza kumsema. Siku ya tatu alifika bwawani akachuchumaa, akatazama kikapu, kikapu kikamtazama. Kugaagaa kwenye tope ni starehe, wanangu. Kulibeba ni habari nyingine.

Basi akaona afanye ujanja. Akangoja mchana, jua la utosi, kila mtu amejinyoosha kivulini na Babu Chura anasinzia. Akanyata, Nyati mzima ananyata, akaushika mgomba kwa meno. Kumbe vifaranga wa Mama Madoa walikuwa vichakani wakitafuta mchwa. Wakapiga kelele. Ehee! Kelele za kanga mnazijua. Ngiri akatoka shimoni, Chura akaruka juu, mlima wote ukaja kumtazama Nyati amesimama na mgomba mdomoni. Hakuna aliyemtukana. Walimtazama tu, na hilo lilimuuma zaidi. Akaurudisha mgomba taratibu, akaenda zake kichwa chini.

Alipofika nyumbani hakuwa na la kufanya, akaamua achimbe kiazi ale. Akachimba, kikaoza mkononi. Akachimba kingine, kinanuka. Akafika kwenye tuta la pembeni, lile ambalo maji hayakulifikia vizuri tangu mgongo ulipomkataa. Akachimba. Kiazi kikubwa, kikavu, kitamu, unga mtupu.

Nyati akakaa chini. Miaka yote ile alikuwa anazamisha viazi vyake mwenyewe. Hakuwahi kujua shamba lake linahitaji maji kiasi gani, kwa kuwa hakuwahi kuyatolea jasho.

Kesho yake akaja na kikapu kimoja tu cha tope, kimejaa, bila mzaha. Chura akachomoa mgomba, akatundika kibuyu. Maji yakaingia kwa Nyati, yakapita tuta kwa tuta, naye safari hii hakulala, alikuwa anayafuata na jembe. Kibuyu kilikuwa bado hakijafika nusu wakasikia sauti kutoka shambani, sauti ambayo mlimani pale haijawahi kusikika:

"Babu Chura, funga! Shamba limetosheka."

Chura akadhani amesikia vibaya. Nyati akarudia, kisha akaona haya kidogo, akaongeza: "Kilichobaki kibuyuni mpeni Mama Madoa. Ila maharage yakiiva, nialikwe."

Basi hawakufunga. Nyati akaziba mdomo wa shamba lake kwa tope, maji yakashuka. Yakapita kwa Ngiri, na Ngiri alikuwa amekwisha kukandika mashimo yake, hayakuzama. Yakashuka, yakashuka. Mama Madoa alikuwa mwisho wa mfereji, amesimama juu ya matuta yake machache. Akaona kwanza majani makavu yanasogea. Halafu akasikia. Tuimbe, wote, na anayenong'ona hapati muhogo:

*Mfereji, mfereji, una nini mdomoni?*
*Nina maji, nina povu, nafika hadi shambani!*

Maji yako wapi?

– Yamefika!

Wapi?

– Shambani kwa Mama Madoa!

Yamefika! Vifaranga wakaingia mferejini na miguu yote, mama yao hakuwakataza, naye akaingia. Maharage yakanyanyua majani jioni ileile. Yakatoa maua, yakatoa maganda, na siku ya kuvuna Mama Madoa alijaza kapu la mbegu akalining'iniza juu ya meko mahali pake pa zamani. Nyati alialikwa. Alikula sufuria nzima, lakini alikuja na viazi vyake, vikavu, vitamu.

Na bwawa? Kila aliyetaka maji alitoa tope, na kila tope lilipotoka maji yaliongezeka. Babu Chura siku hizi anapiga mbizi na chini haoni.

Basi shikeni hili, wajukuu zangu. Maji ya bure kwa Nyati hayakuwa bure, aliyekuwa akiyalipia ni Mama Madoa kule chini. Kila maji yana bei. Kazi yenu ni kuangalia nani anailipa, na kuchagua bei inayolijaza bwawa. Kesho ni siku ya kuzoa tope la mfereji wetu, na tunaanzia mkiani, kwa yule mjane wetu wa kule chini. Sitaki kusikia mtu anaumwa tumbo.

Hadithi imefika mwisho wa mfereji. Nami hapa narudisha mgomba wangu.