Kikombe cha Siku ya Mia

Sogeeni, nafasi ipo. Masikio yafungueni sasa. Midomo mtaihitaji mwishoni.

Hapo Tukuyu, kwenye mvua nyingi na majani ya chai mengi zaidi, aliishi fundi seremala aitwaye Ambokile. Karibu naye walikuwapo watu watatu wenye vipawa. Dada yake, Tusekile, alijua kuuliza: akitafuta jambo, alimuuliza hata kuku. Jirani yake, Gwamaka muuza maziwa, alijua kutembea: hakuna njia asiyoifahamu, na hakuwahi kuchelewa. Na Mama Subilaga, mshona nguo, alijua kusikiliza. Watu walisema hata cherehani yake hunyamaza mtu akianza kusema.

Ambokile naye alikuwa na kipawa, ila pombe ilikuwa imekikalia. Mikono iliyochonga milango ya nusu ya mji sasa ilitetemeka ikishika msumari.

"Dada," alisema asubuhi moja, "nataka kuacha. Peke yangu nimeshindwa."

Basi Tusekile akauliza. Aliuliza zahanati, akaambiwa lipo kundi la watu wanaosaidiana kuacha pombe, lakini mlango wao hauna kibao, kwa kuwa wanatunziana siri. Akauliza sokoni. Muuza viazi akamwambia, "Kila Alhamisi jioni kuna watu hukutana nyuma ya ghala la kahawa." Wakaenda wote wawili, wakaona mlango wazi, Ambokile akaingia akiwa ameinamisha kichwa.

"Karibu, karibu!" mtu mmoja akamdaka. "Wewe ni besi. Kaa kule nyuma!"

Ilikuwa kwaya. Ambokile aliimba nyimbo mbili nzima, akidhani ndivyo tiba inavyoanza! Tusekile ndiye aliyemvuta mwalimu wa kwaya pembeni na kumuuliza. Mwalimu akashusha sauti: "Mlango wa pili, dada. Na mwambie ana sauti nzuri."

Hivyo mlango ukapatikana. Lakini kutoka nyumbani hadi mlango ule, barabara ilipita kwenye vilabu vinne vya pombe, na kila kilabu kilimjua. "Fundi! Kiti chako hakijakaliwa!" Wiki iliyofuata Ambokile hakuvuka hata kilabu cha kwanza.

Basi Gwamaka akatembea. Alimpitisha kwenye mashamba ya chai, kijia chembamba, baiskeli ya maziwa mbele na fundi nyuma. Kila Alhamisi, jua au mvua. Alhamisi moja Ambokile alijifunika blanketi na kusema anaumwa. Gwamaka akakaa kizingitini, akaanza kupiga mluzi wimbo mmoja, huohuo, tena na tena.

"Utanyamaza lini, jirani?"

"Utakapovaa viatu."

Akavaa.

Lakini kufika si kubaki. Alhamisi ile ile aliletwa hadi mlangoni, kumbe alikuwa amekunywa tangu asubuhi. Akasikia wenzake wakicheka ndani, akaona aibu, akageuka. Akaapa: leo ndiyo mwisho wa kuja hapa, sirudi tena.

Basi Mama Subilaga, mwanakundi wa miaka mingi, akatoka akasikiliza. Aliketi naye kwenye benchi lenye maji ya mvua. Ambokile alisema, akalia, akasema tena. Mama hakumkatiza hata mara moja. Mwishoni akauliza, "Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza. Nimerudi sifuri, mama."

"Sifuri nayo ni namba. Kesho ni moja."

Tangu hapo, kila kiu ilipomshika, Ambokile alikwenda kwenye baraza la Mama Subilaga, akaongea mpaka ikapita. Siku kumi. Siku arobaini. Siku tisini na tisa!

Sasa, kundi lile lina desturi. Mtu akitimiza siku mia, hupewa birika na kikombe kimoja cheupe cha bati. Hujaza chai, kisha humpelekea mtu mmoja tu ambaye bila yeye asingefika. Hufanyika mara moja maishani. Kikombe hakigawanywi wala hakijazwi tena.

Siku ya mia ikafika! Chumba kilijaa, na wale watu wake watatu waliketi mbele. Ambokile akamimina, na tazameni: hata tone moja halikumwagika. Watu wakapiga vigelegele. Kisha akainua macho, furaha ikamganda usoni. Nyuso tatu zilikuwa zikimtazama.

Tusekile akacheka. "Mdogo wangu, bila mimi ungekuwa bado unaimba besi."

"Mlango haukumfuata kitandani," Gwamaka akasema. "Miguu ndiyo iliyomleta."

"Ilimleta," Mama Subilaga akajibu kwa upole, "na pale mlangoni ilikuwa imeshageuka kurudi."

"Jamani, nyote mmesema kweli!" Ambokile akasema. Aliwapenda wote sawasawa, na kumpa mmoja ilikuwa kuwanyima wawili mbele za watu.

Akapiga hatua moja. Hapo akasimama, mvuke ukimpanda usoni, na kundi zima likimsubiri.

Aliyeuliza, aliyetembea, au aliyesikiliza? Haya, nyie mliotulia muda wote huu: fundi anawatazameni, na chai inapoa. Mwambieni, apeleke kikombe kwa nani?