Bibi Fisi na Mashimo Matatu

Hadithi!

Ilete!

Nzito, nimechoka kuibeba.

Itue!

Haya, naitua. Sogeeni. Na wewe unayemenya muwa pale, sogea nao.

Hapo kale wanyama waliishi katika bonde lenye chemchemi moja. Moja tu. Mkubwa alikunywa hapo, mdogo alikunywa hapo, mgonjwa alikunywa hapo.

Na juu ya chemchemi palikuwa na jaa. Nani aliliweka pale? Hakuna aliyekumbuka. Wa kwanza alitupa ganda la ndizi, wa pili akatupa juu ya lile ganda, wa tatu akasema kumbe hapa ndipo pa kutupia. Mpaka likawa kilima. Kila asubuhi Bibi Fisi alipita nyumba kwa nyumba na tenga mgongoni, akazoa, akapanda, akamwaga. Ndiyo kazi aliyopewa na baraza.

Katika taka zote, vibuyu vya dawa ya kupe ndivyo vilivyomtia hofu. Kila mnyama aliogea dawa ile, kisha akatupa kibuyu na masalia yake. Kiangazi vilikaa vimekauka. Masika yakija, mvua iliiosha ile sumu mpaka kwenye chemchemi. Masika yaliyopita sumu ilishuka kidogo tu, na Bibi Fisi akazika mtoto. Alibaki na mmoja, jina lake Tabu, naye Tabu alikunywa maji yale yale.

Bibi Fisi akaenda barazani. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, katibu alikuwa Kasuku.

"Hodi."

"Karibu, mama."

"Waheshimiwa, naomba tuhamishe jaa kabla ya masika. Nimebakiwa na mtoto mmoja."

Kiboko akapiga mwayo. Kasuku akasema, "Tumelipokea, litafanyiwa kazi."

Msiseme baraza lilikuwa vivu. Lilikaa siku saba. Likachora mpango kwa mkaa juu ya gome la mti, mpango mzuri, hata mimi ningeupigia makofi. Mashimo matatu, mbali, nyuma ya kichuguu chekundu. Shimo la vinavyooza, viwe mbolea. Shimo la vinavyofaa tena, mwenye shida achukue. Shimo la vinavyodhuru, lisiribwe udongo wa mfinyanzi ili sumu isitoke. Wakala, wakanywa, wakasifiana, wakaenda zao.

Kesho yake Bibi Fisi akazoa taka za baraza. Chini ya ukoko wa ugali akaliona gome. Akalifuta, akalirudisha.

"Bwana katibu, mpango wenu nimeuokota."

"Tumelipokea, litafanyiwa kazi."

Baraza likakaa tena siku saba, kujadili mpango ulipoteaje. Wakala, wakanywa, wakasifiana, wakaenda zao. Bibi Fisi akazoa, akalikuta gome limefungiwa miiba ya samaki. Akalifuta, akalirudisha.

"Bwana katibu, mpango wenu nimeuokota tena. Na mawingu yameanza kukusanyika."

"Tumelipokea, litafanyiwa kazi."

Baraza likakaa mara ya tatu. Sijui walijadili nini, nimechoka hata kuuliza. Bibi Fisi akazoa, akalikuta gome limejaa matope. Kiboko alikuwa amelifutia miguu.

Safari hii hakulirudisha. Aliketi ukingoni mwa jaa, akalia.

"Mama, unalia nini?" Tabu akauliza.

"Nimechoka, mwanangu."

"Basi twende tukalale."

"Huu si uchovu wa kulala."

Akainuka na gome lake, akaenda nyuma ya kichuguu chekundu. Akachimba shimo la kwanza. Akachimba la pili. Akachimba la tatu, akalisiriba udongo wa mfinyanzi. Kisha akalirudia jaa, akainama, akaanza kuchambua. Kinachooza huku, kinachofaa huku, kinachodhuru huku. Vibuyu akavitanguliza, tenga baada ya tenga. Siku ya kumi alipokitia shimoni kibuyu cha mwisho, tone la kwanza la mvua lilimwangukia puani.

Masika yakanyesha. Chemchemi ikatoka safi. Tabu akanywa, na Bibi Fisi akasimama akimwangalia mpaka alipomaliza.

Baraza likasikia. Likaja kuyazindua mashimo.

"Baraza lilisema, baraza limetenda," Kiboko akahutubia, na Kasuku akarudia maneno hayo mara tatu.

Karamu wakaifanyia wapi? Pale pale juu ya chemchemi, kwa kuwa Bibi Fisi alikwisha kulihamisha jaa lote na pamekuwa pazuri. Na kwa kuwa ilikuwa sherehe, kila mmoja alioga dawa ya kupe kwanza, apendeze. Wakala, wakanywa, wakasifiana, wakaenda zao.

Asubuhi Bibi Fisi akafika na tenga. Maganda, mifupa, vibuyu vya dawa, vyote lundo moja, na wingu jingine limetanda. Juu ya lundo palikuwa na gome jipya lenye picha yake mwenyewe. Ilikuwa zawadi ya shukrani. Walisahau kumpa.

Alitaka kulia, machozi yakakataa. Kikatoka kicheko. Akacheka huku akiinama, akaanza tena: kinachooza huku, kinachofaa huku, kinachodhuru huku.

Tangu siku ile mgongo wake haukunyooka. Ndiyo maana mpaka leo fisi ameinama nyuma, na ukimsikia anacheka huko porini, usidhani amefurahi.

Jifunzeni basi. Mpango usiotekelezwa ni taka kama taka nyingine, na kuna mtu atauzoa.

Hadithi nimeitua, atakayeweza aibebe. Na yale maganda ya muwa, mjukuu wangu, mbona umeyaacha hapo chini? Hebu nitazame mgongo huu, kisha uyaokote mwenyewe.